Kuongeza upambanuzi wa hadubini kwa hesabu: kwanza tafuta kinachokuzuia

SWALI: Nina hadubini ya mwanga, na lenzi ninazotumia zaidi ni 4x/0.10 na 10x/0.25. Kamera ni ya rangi, pikseli zake zina upana wa mikroni 3.45, na nimeifunga kwa adapta ya 0.5x ili ione eneo pana. Natazama vipande vya tishu za mimea na nahitaji eneo pana pamoja na undani. Nimejaribu programu ya akili mnemba inayokuza picha mara nne. Picha inatoka kali, lakini kuta za seli hazifanani na zile ninazoziona nikigeuza lenzi. Je, kuna njia za kweli za kuongeza undani kwa hesabu? Nianzie wapi?

JIBU: Zipo, na sehemu kubwa ya vifaa vinavyohitajika tayari unavyo. Shida ni kwamba neno "undani" linabeba mambo manne tofauti. Picha inaweza kukosa undani kwa sababu mwanga ulioubeba haukuingia kabisa kwenye lenzi. Au uliingia, lakini lenzi ikaufifisha. Au pikseli ni pana mno kuweza kuusoma. Au umesomwa, ila umezama kwenye chenga, yaani mabadiliko ya nasibu ya namba za pikseli. Kila tatizo lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu lingine. Kwa hiyo kabla ya kugusa programu yoyote, chukua kalamu.

Kikomo cha lenzi kilielezwa na Ernst Abbe mwaka 1873. Ukitazama mistari myeusi na myeupe inayofuatana, jozi nyembamba kuliko zote ambayo lenzi inaweza kuitenganisha ni urefu wa wimbi la mwanga ugawanywe kwa mara mbili ya NA, yaani kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambayo lenzi inaipokea, ile namba iliyoandikwa baada ya mkwaju (/) ubavuni mwa lenzi. Kwa mwanga wa kijani wa mikroni 0.53, lenzi yako ya 4x/0.10 inaishia kwenye jozi ya mikroni 2.65, na ile ya 10x/0.25 inaishia kwenye mikroni 1.06. Jozi nyembamba kuliko hapo haimo kwenye picha, hata kwa ufifi.

Sasa upande wa pikseli. Jozi moja ya mistari inahitaji angalau pikseli mbili, moja ya mweusi na moja ya mweupe. Lenzi ya 4x ikiwa na adapta ya 0.5x inakuza mara 2 tu, hivyo kila pikseli inafunika mikroni 1.725 za sampuli, na jozi nyembamba inayosomeka ni mikroni 3.45. Kwa 10x pikseli inafunika mikroni 0.69, na jozi inayosomeka ni mikroni 1.38. Linganisha: lenzi inakuletea 2.65, kamera inasoma 3.45, lenzi inakuletea 1.06, kamera inasoma 1.38. Kwa lenzi zote mbili, kamera ndiyo inayokunyima, kwa kiwango kilekile. Si bahati: gawanya NA kwa ukuzaji, utapata 0.025 kwa zote mbili, na uwiano huo ndio unaoamua ukubwa wa pikseli unaofaa. Bila adapta unahitaji pikseli isiyozidi mikroni 5.3, na yako inatosha kabisa. Ukiweka adapta ya 0.5x unahitaji isiyozidi 2.65, na yako ya 3.45 imezidi.

Na hapo tumehesabu kana kwamba kamera ni ya rangi moja. Kamera ya rangi ina vichujio vidogo juu ya pikseli: katika kila mraba wa pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja ya bluu. Nyekundu inapatikana kila baada ya pikseli mbili, kwa hiyo kwa 4x na adapta yako, picha nyekundu inasomwa kila mikroni 3.45 na jozi nyembamba inayosomeka ni mikroni 6.9. Kilichobaki kinajazwa na kamera kwa kukisia kutoka kwa majirani. Ndiyo sababu unaweza kuona michirizi ya rangi kwenye kuta nyembamba za seli ambazo kwa jicho hazina rangi hiyo. Hiyo ni mistari ya uongo: undani mwembamba kuliko uwezo wa pikseli haupotei kimya, unajigeuza kuwa mistari minene isiyokuwapo.

Mambo ya bure kabla ya programu

Fungua tundu la kondensa, yaani lenzi inayoelekeza mwanga wa taa kwenye sampuli. Watu wengi hulibana ili picha iwe na weusi na weupe mkali, bila kujua wanapunguza upambanuzi. Fomula kamili si mara mbili ya NA ya lenzi, bali ni NA ya lenzi kujumlisha NA ya kondensa. Ukiibana kondensa hadi 0.03 chini ya lenzi ya 4x, jozi inapanda kutoka mikroni 2.65 hadi karibu 4.1. Weka NA ya kondensa ilingane na ya lenzi, au ishuke kidogo tu chini yake. Tofauti ya weusi na weupe utakayoipoteza kwa macho utairudisha kwa hesabu, lakini undani uliozuiwa na kondensa hakuna wa kuurudisha.

Weka kichujio cha kijani cha karibu nanomita 530 kwenye njia ya mwanga kama rangi si muhimu kwa kazi yako. Lenzi za bei ya chini zinafokasi rangi tofauti kwenye kina tofauti, kwa hiyo mwanga mweupe unakuletea picha tatu zilizopandana, mbili kati yake zikiwa nje ya fokasi.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya kamera uzime gama (upindaji wa ngazi za mwanga unaofanywa na kamera), uzime unoaji wa kingo, uzime usawazishaji wa rangi na mwanga wa kujiendesha, na hifadhi data ghafi ya biti 12 au 16 katika TIFF. Usitumie JPEG. Hesabu zote zinazofuata zinadhani kwamba namba ikiwa mara mbili, mwanga ni mara mbili. Gama inavunja dhana hiyo, na unoaji wa kamera unaongeza pete nyeupe kandokando ya mistari ambazo programu itazichukulia kuwa sehemu ya sampuli. Rekebisha mwanga hadi sehemu angavu ifike asilimia 70 au 80 ya upeo. Pikseli iliyofika 100 imekatwa kichwa, na haitengenezeki.

Piga picha mbili za ziada: moja kamera ikiwa gizani kwa muda uleule wa mwanga, nyingine ya sehemu ya kioo isiyo na sampuli. Kila picha ya sampuli itolewe picha ya giza, kisha igawanywe kwa picha ya kioo kitupu iliyotolewa giza vilevile. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini kwa njia ya picha nyingi ninayoieleza hapa chini ndiyo inayoamua kufaulu.

Kukusanya undani uliozidi pikseli

Kwa kuwa kamera ndiyo inayokubana, njia ya kwanza ni kupiga picha nyingi huku sampuli ikisogezwa kwa sehemu ya pikseli. Kila picha inasoma pointi tofauti kidogo, na zikipangwa pamoja kwenye gridi laini zinatoa usomaji ambao picha moja haina. Hapa hakuna kukisia. Taarifa mpya imeingia kweli. Njia iitwayo Drizzle, iliyotengenezwa na Fruchter na Hook kwa ajili ya picha za darubini ya anga ya Hubble, inafanya hivi hivi, kwa sababu kamera ya Hubble ya wakati huo nayo ilikuwa na pikseli pana kuliko doa linalotokana na nyota moja kwenye darubini.

Kwa gridi iliyo laini mara mbili kwenye kamera ya rangi moja, kinadharia picha nne zinatosha: ya kwanza pale ulipo, ya pili nusu pikseli kulia, ya tatu nusu pikseli chini, ya nne kulia na chini. Nusu pikseli kwa 4x yako ni mikroni 0.86. Jukwaa la kuzungushwa kwa mkono haliwezi usahihi huo, na halihitaji. Sogeza tu kidogo kidogo bila mpangilio, pikseli tatu, saba, kumi. Sehemu nzima ya mwendo haina maana. Desimali zake ndizo zinazofanya kazi, na desimali za mwendo wa nasibu hutawanyika zenyewe. Picha 20 zitajaza nafasi zote nne bila shaka. Kwa kamera ya rangi nafasi za kujaza kwa nyekundu na bluu ni 16, hivyo piga picha 60. Zichakate kutoka kwenye data ghafi, kila rangi peke yake, kabla programu ya kamera haijajaza rangi zinazokosekana. Ukizijaza kwanza, makisio yataingia kwenye kila picha na hutaweza tena kuyatenganisha na vipimo.

Kupata mwendo wa kila picha, tumia ulinganishaji wa fezi. Katika maktaba ya Python iitwayo scikit-image kazi hiyo inaitwa phase_cross_correlation, na kigezo chake cha upsample_factor ukikiweka 20 kinakupa usahihi wa sehemu ya ishirini ya pikseli. Lengo lako liwe kosa lisilozidi 0.1 ya pikseli. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na sababu ni tatu.

Ya kwanza ni vumbi na kivuli cha mwanga. Vitu hivyo havisogei na sampuli, vimekaa pamoja na kamera. Kama hukugawanya kwa picha ya kioo kitupu, ulinganishaji utaviona vimetulia na kukuambia mwendo ni sifuri. Ukiona mwendo wa picha zote unakaribia namba nzima kwa mashaka, rudi hapo. Ya pili ni ile mistari ya uongo. Inasogea kwa mwendo wake yenyewe, si wa sampuli, na inapotosha ulinganishaji. Lainisha picha kwa kichujio cha Gausi cha pikseli 1 hadi 1.5 wakati wa kutafuta mwendo tu, kisha tumia picha zisizolainishwa wakati wa kuunganisha. Ya tatu ni mzunguko: sampuli ikizunguka hata nusu ya digrii, katikati patalingana na pembeni patakosea. Kwenye picha ya pikseli 2,000, nusu digrii ni kosa la karibu pikseli 9 ukingoni. Gawa picha katika miraba minne na upime mwendo wa kila mraba. Zikipishana, kuna mzunguko.

Wakati wa kuunganisha, fanya kila pikseli iliyosomwa iwe tone dogo lenye upana wa 0.6 hadi 0.8 ya pikseli ya awali, lidondoke kwenye gridi ya nusu pikseli, na hesabu wastani wa matone kwa uzito wa eneo yalilofunika. Tone likiwa dogo mno, mashimo yanabaki kwenye gridi. Likiwa kubwa, unafifisha ulichokifuata. Hifadhi pia ramani ya uzito. Sehemu zenye uzito mdogo zina chenga nyingi.

Faida yake ni ipi? Kwenye kijani, jozi inashuka kutoka mikroni 3.45 hadi kikomo cha lenzi cha 2.65, karibu mara 1.3. Kwenye nyekundu na bluu faida ni kubwa zaidi kwa sababu ulianza mbali. Haitazidi hapo, hata ukipiga picha elfu moja. Ukiondoa adapta ya 0.5x, faida yote hiyo ya kijani unaipata kwa picha moja, ila eneo linaloonekana linashuka hadi robo. Kwa hiyo hesabu hapa imekununulia eneo, na bei yake ni muda na utulivu wa sampuli. Kitu chenye uhai kinachojongea hakifai.

Kunoa bila kudanganya

Hata undani unaopita kwenye lenzi haufiki na nguvu sawa. Jozi ya mikroni 3.5 kwenye lenzi yako ya 4x inafika na takriban asilimia 14 tu ya tofauti yake ya weusi na weupe. Jozi ya mikroni 3.1 inafika na asilimia 6 na nusu. Dikonvolusheni ni kazi ya kurudisha nguvu hizo: ukijua lenzi inaieneza nukta moja kuwa doa la umbo gani, unaweza kuuliza ni sampuli ipi, ikienezwa hivyo, ingetoa picha uliyonayo.

Njia nyepesi ni ya Wiener. Unagawanya badiliko la Fourier la picha (picha ikiwa imechambuliwa kuwa mistari ya unene tofauti) kwa lile la doa, ukiweka kizuizi ili usigawanye kwa namba inayokaribia sifuri. Kizuizi hicho anza nacho kikiwa moja gawanya kwa mraba wa uwiano wa ishara na chenga. Uwiano ukiwa 100, weka 0.0001, kisha kipandishe hadi chenga zitulie. Njia ya pili ni ya Richardson na Lucy, waliyoiandika kila mmoja kivyake mwaka 1972 na 1974. Inaanza na makisio, inayaeneza kwa doa, inalinganisha na picha halisi kwa kugawanya, inarudisha tofauti, na kurudia. Inafaa zaidi pale mwanga ni kidogo kwa sababu haitoi namba hasi na imejengwa juu ya tabia ya chembe za mwanga. Fanya mizunguko 10, tazama, ongeza hadi 30. Zaidi ya hapo, mara nyingi unachokiona kikizidi kuwa kikali ni chenga zilizogeuzwa kuwa nukta.

Tatizo la chenga halina huruma, na inafaa uone namba zake. Pikseli iliyokusanya elektroni 10,000 ina chenga za asilimia 1, kwa kuwa chenga za mwanga ni mzizi wa mraba wa idadi. Kuirudisha ile jozi ya mikroni 3.1 kwenye nguvu yake kamili unaizidisha mara 15, na chenga za pale zinazidishwa mara 15 vilevile, zikafika asilimia 15. Ukiwa na wastani wa picha 16, chenga zilianza na asilimia 0.25, na baada ya kuzidishwa zinafika chini ya 4. Programu ni ileile na doa ni lilelile. Tofauti imetokana na mwanga uliokusanywa. Kama una saa moja ya kutumia kwenye dikonvolusheni, dakika 50 zitumie kukusanya mwanga zaidi.

Doa lenyewe lipime, usilikisie, kama inawezekana. Kwa fluoresensi (sampuli zinazong'aa zenyewe zikimulikwa) tumia shanga zenye upana usiozidi theluthi ya upambanuzi wako. Kwa mwanga wa kawaida tumia ukingo mkali wa kromu kwenye kioo cha kupimia, uulaze kwa digrii 5 hivi, na usome jinsi ukingo unavyopanda kutoka giza hadi mwanga. Doa la katikati ya picha si doa la pembeni. Gawa picha katika vigae na upime kwa kila kigae kama pembeni panaonekana kuvutwa. Ukikosea doa liwe pana kuliko la kweli, utaona pete nyeusi kuzunguka kila kitu cheupe. Ukikosea liwe jembamba, picha itabaki na ufifi. Pete zikiwa kwenye kingo za fremu peke yake, kosa si la doa; Fourier inadhani upande wa kulia umeungana na wa kushoto, na dawa ni kuongeza pembeni ukanda unaorudia picha kinyume kama kwenye kioo, wenye upana wa madoa kadhaa, kabla ya hesabu, kisha kuukata.

Kwa sampuli za mwanga unaopita, kama zako, kuna tahadhari moja. Hesabu hii ni sahihi kabisa kwa fluoresensi, ambako kila nukta inang'aa kivyake. Kwa mwanga unaopita ni makadirio, yanayokubalika pale kondensa imefunguliwa kulingana na lenzi na sampuli haifyonzi mwanga kupita kiasi. Ukibana kondensa, kuta za seli zinapata mistari ya mpindo wa mwanga ambayo dikonvolusheni haiielewi.

Hubble inafaa kukumbukwa hapa. Ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo kilichosuguliwa kimakosa, kingo zake zikiwa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2.2. Kwa karibu miaka mitatu na nusu wanasayansi waliutumia sana unoaji wa aina hii. Vitu angavu vilipona vizuri, vitu hafifu havikupona, kwa sababu mwanga wao ulikuwa umeenea na kuzama kwenye chenga. Suluhisho lilikuwa vioo vya kusahihisha, vilivyofungwa Desemba 1993.

Kuvuka kikomo cha lenzi

Ukitaka kupita mikroni 2.65 kwa lenzi ya 4x, lazima uingize mwanga ambao kwa kawaida hauingii. Undani mwembamba unaupinda mwanga kwa pembe kubwa, ukapita nje ya mdomo wa lenzi. Ukimulika sampuli kwa upande, mwanga huo huo unapindwa kurudi ndani ya lenzi. Piga picha kwa pembe nyingi za kumulika, ziunganishe kwa hesabu, na unapata picha kana kwamba lenzi ina mdomo mpana. Njia hii ni taikografia ya Fourier. Guoan Zheng, Roarke Horstmeyer na Changhuei Yang waliionyesha mwaka 2013 huko Caltech, wakiwa na lenzi ya 2x yenye NA 0.08 na ubao wa taa za LED, wakafika NA ya karibu 0.5.

Kwako, ondoa kondensa na weka ubao wa LED wenye nafasi ya milimita 4 kati ya taa na taa, milimita 70 chini ya sampuli. Ondoa adapta ya 0.5x. Sharti la pikseli ni lilelile la mwanzo, na njia hii haisamehi: picha ghafi zikiwa na mistari ya uongo, muungano hautulii. Kamera ya rangi moja ni bora zaidi. Ukitumia ya rangi, washa kijani peke yake na usome pikseli za kijani tu.

Tumia mraba wa taa 15 kwa 15, yaani picha 225. Taa ya mwisho kwenye mhimili iko milimita 28 kutoka katikati, na kwa kimo cha 70 inatoa NA ya kumulika ya 0.37. Jumlisha na 0.10 ya lenzi, unapata 0.47, ambayo kwa kijani ni jozi ya mikroni 1.13. Jihadhari na namba zinazotangazwa: kusema NA imepanda mara 4.7 ni kweli, lakini jozi imeshuka kutoka 2.65 hadi 1.13, mara 2.3 tu, kwa sababu hadubini ya kawaida yenye kondensa iliyofunguliwa ilikuwa tayari inatumia NA ya lenzi mara mbili. Faida ya ziada ni kwamba unapata pia fezi (jinsi mawimbi ya mwanga yalivyocheleweshwa na sampuli), ambayo kwa seli za mmea zisizo na rangi inaonyesha kuta na vitu ambavyo picha ya kawaida haivionyeshi.

Taa jirani zinasogeza duara la lenzi kwa 0.057, na maduara hayo yanafunikana kwa karibu asilimia 64. Usishuke chini ya 60. Kufunikana huko ndiko kunakoiwezesha hesabu kuipata fezi ambayo kamera haiioni. Ukiusogeza ubao karibu ili uongeze NA, maduara yanaachana na picha inajaa mawingu.

Hesabu yenyewe haitishi. Chukua mzizi wa mraba wa picha ya taa ya katikati, ipanue mara 4, ipeleke kwenye Fourier. Kwa kila taa, kata duara lenye nusukipenyo cha NA gawanya kwa urefu wa wimbi, mahali panapolingana na pembe ya taa hiyo. Lirudishe kuwa picha ndogo, badilisha ukubwa wa wimbi kwenye kila pikseli uwe mzizi wa mraba wa picha uliyopima, acha fezi kama ilivyo, kisha lirudishe mahali pake. Anza katikati ukienda nje kwa mzunguko. Rudia taa zote mara 10 hadi 20. Fanya kazi kwa vigae vya pikseli 256 kwa 256, kwa kuwa pembe ya taa inabadilika kadiri unavyoondoka katikati ya picha, na kila kigae kihesabiwe pembe zake. Ruhusu pia hesabu isahihishe mdomo wa lenzi wenyewe kila mzunguko. Kasoro za lenzi na fokasi iliyopotea kidogo vinaondoka pamoja.

Taa 9 za katikati zinaingia moja kwa moja kwenye lenzi na picha zake ni angavu. Zilizobaki 216 ni za uga mweusi (mwanga wake wa moja kwa moja unapita nje ya lenzi), na zinahitaji muda wa mwanga mrefu mara 10 hadi 50. Giza la chumba liwe giza kweli, na picha ya giza itolewe kwa kila muda uliotumia. Mbao nyingi za LED haziwashi taa mfululizo, zinapitia mistari ya taa kwa zamu haraka haraka, hivyo muda mfupi wa kamera unaweza kuangukia taa ikiwa imezimika. Ukiona picha moja ni nyeusi na jirani zake zina mwanga, tafuta hapo kwanza, na fanya muda wa kamera uwe mara kadhaa ya mzunguko wa ubao.

Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni mahali pa ubao. Ubao ukikaa milimita 1 pembeni au ukizunguka digrii 2, taa zote zinaandikwa mahali pasipo pake. Tumia picha zenyewe kuurekebisha: taa zilizo ukingoni mwa duara la lenzi zinaonyesha mpaka kati ya uga mweupe na mweusi ndani ya picha, na mpaka huo unakuambia katikati halisi iko wapi.

Na sasa sampuli yako. Njia hii inadhani sampuli ni nyembamba. Kipande cha tishu cha mikroni 4 au 5 kilichokatwa kwa mikrotomu kinafaa. Kipande cha mmea kilichokatwa kwa wembe mkononi huwa na makumi ya mikroni, na hapo mwanga wa upande unapita kwenye seli tofauti na mwanga wa wima, hivyo picha 225 hazikubaliani na hakuna marekebisho yatakayozipatanisha. Kama vipande vyako ni vya wembe, achana na taikografia. Ondoa adapta, tumia 10x, piga mosaiki, yaani picha za maeneo jirani, yenye kufunikana kwa asilimia 15, uiunganishe. Ni kazi isiyo na umaarufu, na kwa sampuli nene ndiyo sahihi.

Ukihamia kwenye fluoresensi, mwanga wa upande hautasaidia, kwa kuwa mwanga unaotoka haukumbuki pembe ya mwanga ulioingia. Huko njia ni kumulika kwa mistari, aliyoionyesha Mats Gustafsson mwaka 2000: picha 9, pembe tatu kwa hatua tatu za mistari, na upambanuzi mara mbili.

Kuhusu akili mnemba, na namna ya kupima

Programu uliyotumia imejifunza picha za vitu vingine na inajaza pale palipo wazi kwa kinachofanana na ilivyoviona. Kwa kuta za seli, itachora ukuta wa kawaida hata pale ukuta una tundu. Hilo si hitilafu ya programu hiyo moja, ndivyo kazi yenyewe ilivyo: chini ya mikroni 3.45 haikupewa taarifa yoyote ya sampuli yako. Usipime unene wala kuhesabu vitu kwenye picha ya namna hiyo.

Kwa njia yoyote uliyotumia, pima kwa kioo cha USAF 1951 (kioo cha kupimia chenye makundi ya mistari mitatu mitatu inayozidi kuwa myembamba) kinachofika kundi la 9. Kabla ya kazi, kwa 4x na adapta, tegemea kuishia karibu na kundi la 8 elementi ya 2. Baada ya picha nyingi tegemea elementi ya 3, pengine ya 4 kwa shida, kwani kwenye kikomo tofauti ya weusi na weupe inakaribia sifuri. Baada ya taikografia tegemea kundi la 9 elementi ya 5. Mistari lazima iwe mitatu. Ikionekana miwili au minne, hiyo ni mistari ya uongo hata kama ni mikali.

Kwenye sampuli isiyo na mistari, gawa picha zako ghafi mafungu mawili, za witiri na za shufwa, chakata kila fungu peke yake, kisha linganisha mafungu kwenye Fourier, pete kwa pete kutoka katikati kwenda nje. Pale ulinganifu unaposhuka chini ya moja ya saba, undani wa nje ya hapo ni chenga. Kipimo hiki kina upofu mmoja: kosa linalojirudia kwenye mafungu yote mawili, kama doa lililokadiriwa vibaya, litaonekana kuwa undani halali. Kwa hilo unahitaji hakimu wa nje, na tayari unaye. Lenzi yako ya 10x/0.25 bila adapta inafika mikroni 1.06. Piga nayo picha ya kona moja ya eneo ulilolichakata kwa 4x, zilaze moja juu ya nyingine, na kila ukuta wa seli ulioko kwenye moja uutafute kwenye nyingine.